Deki Mpya ya Shabani

Jumanne

Eti inaendana! Mume wangu Shabani karudi toka Dar na deki kuukuu ya muziki inayobadilisha kaseti yenyewe, pamoja na rimoti. Muuzaji kamwapia inaendana na redio yetu ya zamani. Naam, zote nyeusi.

Kabonyeza rimoti, ikawaka televisheni.

“Subiri mke wangu, inazoea nyumba.”

Mwishowe akaunga nyaya, akawasha kwa kidole. Akatia kaseti ya harusi yetu, ile pekee yenye sauti ya marehemu mama. Nikaogopa isije ikautafuna utepe.

Ikakwaruza, kisha mama huyo: “Tabasamu mwanangu, hapa si matangani!”

Nikalia. Shabani akauliza azime?

Nikamwambia akithubutu kuigusa, atalala barazani na rimoti yake.