Lenzi ya Kwenda Nayo Likizo

Dada yangu mpenzi,

Kabla ya yote, goti lako linaendeleaje? Na shemeji, bado anabishana na redio? Naomba barua hii iwakute wazima nyote. Mimi sijambo, mwili una nguvu; la kulalamikia sina, labda kimya cha nyumba.

Habari kubwa ni kwamba nimepewa likizo. Bosi wa studio anasema nimepiga picha za harusi za watu mpaka nimeanza kufanana na keki. Nimeamua kwenda ziwani, na tangu hapo nahangaika na jambo moja: nibebe kamera gani. Nilitandaza vifaa vyote kitandani: kamera mbili, lenzi ndefu ya kuvuta ndege wa mbali, lenzi pana ya mandhari, lenzi ya sura za watu, taa, na stendi ya miguu mitatu. Nikapakia. Mkoba ukagoma kuinuka. Nilicheka, ila hakuna aliyecheka nami.

Nikaenda kwa fundi wa kamera, yule mzee mwenye maneno mengi, anisaidie kupunguza. Akaniuliza nasafiri na nani, ili ajue stendi ataibeba nani. Nikajifanya natafuta simu.

Jumapili nikaenda bustanini kuijaribu lenzi ndefu. Mama mmoja aliyekuwa na wanawe akaniomba niwapige picha kwa simu yake. Nikawapanga, nikamvuta mbele aliyejificha nyuma ya wenzake, kazi niliyoizoea. Mama yule alipoiona picha akafurahi, akasema sasa zamu yangu, nisimame na mimi anipige. Dada, sikujua mikono niiweke wapi! Mimi ninayewaambia maharusi kila wiki walegeze mabega. Kisha akaniuliza amtumie nani picha hiyo. Nikampa namba yangu mwenyewe.

Sasa nikwambie lililonifanya nishike kalamu. Kazini nimewadanganya. Waliponiuliza nakwenda na nani, ulimi ukateleza, nikasema nakwenda na dada yangu. Walifurahi kweli, hata wakachangishana wakakununulia kofia ya jua. Ipo hapa mezani, pana, ya rangi ya bluu unayoipenda, na kila nikipita naona haya kuitazama. Najua tangu tumzike mama tumebaki watu wa salamu za juujuu, na sijui nani kati yetu alianza kununa. Mimi hata hamu ya kujua imeniisha.

Basi njoo, dada, uniokoe na uongo wangu. Nimetoa lenzi ndefu, nimetoa pana, taa na stendi pia. Nimebakiza kamera ndogo na lenzi ya sura za watu. Nafasi iliyobaki mkobani inatosha nguo zako, ukipunguza viatu. Basi linaondoka Jumamosi asubuhi, nami nitakuwa stendi ya mabasi mapema. Usipoweza, nitakwenda hivyohivyo, na nikirudi nitawaambia wa kazini kofia ilikupendeza sana, ila ulikoroma.

Msalimie shemeji. Watoto waambie mama yao mdogo anawakumbuka mmoja mmoja, hata yule anayenisahau.

Ni mimi mdogo wako,
Kijiti