Mafunzo ya Walimu wa Insha na Mlango wa Chumba cha Kompyuta

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA CHA KAMATI YA SHULE

Zimeandikwa na Katibu, ambaye bila yeye shule hii ingekuwa zizi la mbuzi hadi leo, na ambaye aliishia darasa la sita kwa hiari yake, walimu wakiwa hawana tena la kumwongezea.

Siku: Jumamosi, saa nne asubuhi
Mahali: Darasa la Saba, kisha varandani

Waliohudhuria:
Mwenyekiti, mama mshonaji
Mwalimu Mkuu
Mwalimu wa Insha, mpwa wa Katibu
Fundi Baiskeli, kwa niaba ya wazazi
Katibu

Asiyehudhuria: Mweka Hazina. Alituma taarifa kwamba anaumwa. Fundi Baiskeli alimkuta njiani anacheza karata, na mgonjwa alikuwa anashinda.

KUMB. NA. 1/KS: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti aliwaomba wajumbe waseme kwa ufupi. Alimtazama Katibu. Katibu hakuona sababu.

KUMB. NA. 2/KS: MAFUNZO
Mwalimu wa Insha alieleza kwamba Jumatatu anakuja mkufunzi wa kuwaonyesha walimu wa madarasa ya juu namna ya kufundisha uandishi kwa kompyuta. Akikuta chumba kimefungwa atakwenda shule nyingine, na zamu yetu haitarudi mpaka watoto hawa wawe wameshamaliza shule. Alifafanua kwamba kwenye karatasi, mtoto akiona aya ya kwanza ni mbovu inambidi anakili ukurasa mzima upya, kwa hiyo anaiacha na ubovu wake. Kwenye kompyuta anaifuta, anaihamisha, na mwalimu anamwekea maoni pembeni kazi ikiwa bado mbichi. Alisema ana watoto ambao hawajawahi kurekebisha sentensi yao wenyewe.

Katibu aliunga mkono, akakikumbusha kikao kwamba yeye aliwahi kufufua kompyuta ya benki kwa kuipuliza tu, meneja akalia machozi. Mwenyekiti aliagiza kikao kiendelee.

KUMB. NA. 3/KS: UFUNGUO
Mwalimu Mkuu alieleza kwamba kompyuta zimefungiwa tangu zilipoletwa, mwaka wa pili sasa, ili zisiharibike, na kwamba hatoi ufunguo bila barua kutoka juu. Fundi Baiskeli aliuliza kama juu ni darini. Mwalimu Mkuu alitaka swali hilo lifutwe. Halikufutwa.

Mwenyekiti alisema kwamba yeye angeifunika cherehani yake shuka miaka miwili, wanawe wangekula hilo shuka.

Mwalimu Mkuu alimkumbusha Mwalimu wa Insha kwamba ratiba anaipanga yeye, na somo la michezo halina mwalimu. Mwalimu wa Insha alisimama. Maneno yake yanaandikwa kama alivyoyatamka:

"Nipeleke uwanjani Jumanne, Mkuu. Jumatatu nitakuwa ndani ya chumba kile na wenzangu, uwe umetoa ufunguo au hukutoa."

Kikao kiliazimia, kura nne kwa moja: mafunzo yafanyike, kompyuta ikiharibika iulizwe Kamati nzima, mlango ung'olewe leo hii.

KUMB. NA. 4/KS: UTEKELEZAJI
Kikao kilihamia varandani. Fundi Baiskeli alitoa bisibisi. Katibu alimpokonya, kwa kuwa kazi ilitaka mtu mzima. Alifungua bawaba zote, zimeshikana kwa kutu, jasho likimchuruzika, huku Mwalimu Mkuu akiwa ameubana ufunguo mfukoni na kuahidi kutuandikia barua kali. Mwenyekiti alimjibu aandike, na akikwama aya ya kwanza, kompyuta hizo hapo.

Mlango ulitoka. Kompyuta zilikutwa nzima chini ya mashuka. Mwalimu wa Insha alivuta shuka la kwanza, akapiga chafya, akaketi mbele ya kioo kama mtu aliyefika kwake.

KUMB. NA. 5/KS: KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa saba kasoro, wajumbe wakiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Walimu waje Jumatatu saa mbili. Anayetaka kuzuia aje mapema, atukute.

NYONGEZA
Mwenyekiti amekataa kutia saini mpaka hili liingie. Katibu alipokuwa anauegemeza mlango ukutani, Mwalimu wa Insha alikitazama kitasa, akakizungusha kwa mkono, ulimi wake ukarudi ndani bila taabu.

"Mjomba," alisema, "haukuwa umefungwa."

Mwalimu Mkuu aliutoa ufunguo mfukoni, akautazama, akaurudisha. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuusukuma mlango ule.

Katibu naye hakuusukuma.

Saini: ........................ Mwenyekiti
Saini: ........................ Katibu