Nilimpigia mdogo wangu vigelegele mlangoni, sasa hataki kurudi kikaoni

Shikamoo mshauri, naomba unisikilize maana nimekosea kwa furaha, na kosa la namna hii sijui linaombewa radhi vipi. Kazi yangu ni kufua na kupiga pasi nguo za watu, ni mjane, mume wangu pombe ndiyo iliyommaliza, alikuwa mtu mpole, hata akirudi amelewa chakari alivua viatu nje akavipanga sambamba kisha akaingia ananyata asiniamshe, na mimi niko macho namsikia. Baada ya mazishi mdogo wangu, fundi wa vigae na mnywaji vilevile, alinifuata ninapopigia pasi, akakaa juu ya furushi la mashuka akasema, "Dada, nitafutie mahali wanapokutana watu wanaoacha pombe. Nikitafuta mwenyewe sifiki, njia zangu zote zina baa."

Nikatafuta mshauri, mahali pa kwanza nilikuta kufuli, jirani akasema walishahama, pa pili kumbe ni kikao cha wagonjwa wa kisukari, nikaona aibu kutoka nikasikiliza mpaka mwisho, hatimaye muuguzi wa zahanati akanielekeza, Alhamisi jioni, chumba cha nyuma cha maktaba, unapita mlango wa uani, hakuna kiingilio wala kuandikishwa. Siku ya kwanza nilimpigia pasi shati mpaka kola ikasimama yenyewe, nikamsindikiza, mama anayefungua mlango akaniambia kwa upole, "Wewe subiri nje mama, humu ni wenyewe tu." Alipotoka alikuwa na uso ule wa utotoni, wa siku alipojua kuendesha baiskeli.

Akaendelea kwenda, mikono ikaacha kutetemeka, vigae vyake vikanyooka, wenye nyumba wakaanza kumwita tena. Ndipo akaniambia Alhamisi ijayo atasimama mbele ya wenzake aseme habari yake yote, na mimi mshauri nikaisikia kama mahafali. Nikawaambia wateja, nikamwambia shangazi, na binamu zetu, tukavaa vizuri, shangazi kashika maua, tukajipanga pale uani, na mlango ulipofunguliwa tukapiga vigelegele. Wa kwanza kutoka hakuwa mdogo wangu. Alikuwa bwana mwenye tai ambaye mashati yake nayapiga pasi mimi mwenyewe, akajifunika uso kwa gazeti, mwanamke aliyekuwa nyuma yake akarudi ndani, wengine wakazima taa wakabaki humo. Mdogo wangu akatoka, shangazi akapaza sauti, "Huyo! Huyo ndiye wetu!" Yeye akanitazama mimi tu akasema, "Dada, watu hawa waliniamini."

Tangu hapo hajarudi, anasema hana uso wa kuwatazama, hajanywa bado, lakini ameanza kupita tena ile njia ya baa akisema ni ya mkato. Je, nimtafutie kikao kingine au nimwache? Mmoja nimeshamzika. Lakini nikisema sijivunii mdogo wangu nitakuwa mwongo.

Mpiga pasi

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mpiga pasi. Nikupongeze kwanza, kisha nikugombeze, maana yote mawili unastahili. Wangapi wakiombwa na ndugu mlevi "nitafutie mahali" humjibu "jikaze tu"? Wewe ulivumilia kikao cha kisukari mpaka mwisho. Jivunie, na umjivunie mdogo wako, aliyekuja kuomba kwa kinywa chake.

Lakini shangazi na maua, mpiga pasi? Chumba kile kinasimama kwa sababu anayeingia anajua hatatangazwa. Yule bwana wa tai huenda hata mkewe hajui. Uliambiwa "ni wenyewe tu", ukaelewa mlango, hukuelewa neno.

Sasa sikia. Alhamisi hii nenda peke yako, mapema, kabla watu hawajafika. Mwambie mama wa mlangoni "nimekosa", uishie hapo, usilie mpaka yeye aanze kukubembeleza. Muulize vikao vingine viko wapi na siku gani, maana wanajuana hao. Kisha mwambie mdogo wako: wenzako wapo palepale, na kuna wengine mahali fulani, chagua. Halafu nyamaza. Kunyamaza kweli, siyo kule kwa kuguna jikoni. Usimburute, usimnuse akirudi. Akiteleza, mrudishe zahanati kwa yule muuguzi, na usijibebeshe lawama, kwani vigelegele havimnyweshi mtu.

Mashati ya bwana wa tai yapige pasi kama kawaida, umkabidhi, umwambie "karibu tena". Basi. Shangazi na binamu zako uwafunge midomo leo hii, wateja uwaambie ulisema kupita kiasi.

Jambo la mwisho, na hili hukuniuliza. Marehemu umemgusia kwa mistari michache, ukakimbilia habari za mdogo wako. Tangu umzike umekuwa ukitafutia wengine chumba. Kuna vikao vya jamaa za wanywaji pia, wake, kina mama, wajane. Mwulize huyo mama wa mlangoni kilicho karibu nawe. Nenda bila msindikizaji, keti, na zamu yako ikifika uwaambie mume wako alikuwa mtu wa namna gani.