Mkono wa Samia Haukutoa Lengelenge

Mpendwa mshauri, mzee wangu, shikamoo. Naomba msaada wako, na barua hii anaiandika kaka yangu Ahmadi aliyesoma shule huko Lindi, mimi nasema naye anaandika, kwa hiyo maneno yakizidi usimlaumu yeye. Mimi ni Mboni wa Mtama, mume wangu Likwata alikunywa yale maji ya vita, akaambiwa risasi zitamtiririka mwilini kama matone ya mvua, akapigwa risasi akafa, na mama yake, Bi Kadija, tangu siku ile husema maji yalikuwa mazuri ila mimi ndiye niliyeyaharibu, kwamba Likwata alivunja mwiko akaja kulala kwangu kabla ya kwenda vitani, na wallahi mzee wangu, hakuja.

Basi mwezi uliopita alikuja mchanjaji wa ndui kutoka boma la Wajerumani huko Lindi pamoja na askari, na mmoja wa askari wale namjua, ndiye aliyetia moto ghala letu la mtama tukabaki kula mizizi, nami nikauma meno nikasimama mbele yake ili mwanangu Samia achanjwe, kwa sababu Ahmadi alinisomea katika gazeti lenu kwamba chanjo ni kinga. Tulipofika nyumbani mama mkwe akamshika mtoto mkono, akausugua kwa ndimu na majivu, akasema, “Mwanangu alikunywa maji akafa kwa sababu yako, sasa unamletea mwanawe maji ya kwenye chupa? Dawa ya Mdachi hailali katika mwili wa mjukuu wangu.” Nikanyamaza, maana naishi kwake. Mkono ukakauka, haukutoa hata lengelenge moja. Sasa wifi yangu kashikwa na ndui huko Rondo, na mama mkwe, ambaye uso wake una makovu ya ndui tangu utotoni, anataka twende sote kumuuguza kama ilivyo desturi yetu, na nikisita ananicheka, “Si umemchanja? Kumbe na dawa ya Mdachi ina mwiko?” Ahmadi anasema nimpeleke Samia Lindi achanjwe tena, lakini nikimkumbuka yule askari miguu inakataa, na tena nawaza kwamba dawa zote ni moja, zote huahidi. Nifanye nini?

Mboni, Mtama

*

Marahaba, binti yangu. Usimpeleke mtoto Rondo. Nimetanguliza hilo ili Ahmadi alisome kwanza kabla hajakatizwa. Sasa keti nikueleze.

Dawa ile hutolewa kwenye malengelenge ya ndama aliyetiwa ndui ya ng'ombe, ugonjwa mdogo ulio ndugu wa ndui yetu. Mwili ukishindana na mdogo hujifunza kumshinda mkubwa. Ndiyo maana mkono huvimba, hutoa lengelenge, kisha huacha kovu. Mkono uliokauka kimya haukujifunza kitu. Ndimu na majivu viliiua dawa, na Samia leo ni sawa na mtoto ambaye hajachanjwa kabisa.

Unasema dawa zote huahidi. Ni kweli, lakini itazame dawa pale inaposhindwa. Maji yaliposhindwa, hakuna aliyesema yameshindwa. Alitafutwa mwenye kosa, akapatikana mjane. Likwata aliuawa na risasi, Mboni. Kitanda chako hakikuwamo. Chanjo ikishindwa, mkono wenyewe unasema, naye mchanjaji anachanja tena bila kukuuliza ulilala na nani. Kila maarifa mapya mnayosomewa humu, ya simu, ya mashine, hata haya yangu, yaulizeni hivyo: yakishindwa, tutajuaje? Asiyetaka kulijibu swali hilo msimkabidhi mtoto.

Nawe una kosa. Ulimwona anasugua ukanyamaza. Mkwe hutandikiwa mkeka, hupikiwa, husalimiwa kwa adabu; uhai wa mtoto haumo katika adabu hiyo.

Kuhusu askari, sitakudanganya kwamba serikali imeingiwa na huruma. Waliochoma ghala ndio walioleta chupa, kwa kuwa maiti hailimi pamba. Sijui kama mhariri ataiacha sentensi hiyo. Lakini ndama yule hakuchoma ghala la mtu.

Fanya hivi. Mama mkwe aende kumuuguza bintiye, yeye aliyekwisha kuugua ndui hatashikwa tena. Akirudi aoge, na nguo zake zichemshwe, kabla hajamgusa mjukuu. Wewe nenda Lindi na Samia na kaka yako, mchanjwe nyote ambao hamjaugua. Mwambie mchanjaji kweli kwamba mkono ulisuguliwa kwa ndimu na majivu. Baada ya hapo msisugue, msipake kitu, wala mtoto asilale chumba kimoja na bibi yake mpaka lengelenge likauke lenyewe. Lisipotoka, rudini. Na yule askari akiwa amesimama mlangoni, mpite. Huna haja ya kumsamehe ndipo mtoto achanjwe.