Sukari Imeshuka

Kwako dada yangu,

Barua hii ikukute una nguvu na umepata usingizi, maana yule mwokaji aliyekuwa akikufundisha kazi, ndiye aliyenipa anwani yako, ameniambia kwamba umeacha kuoka kabisa, siku hizi unafua mashuka ya hoteli na mikono imechubuka kwa sabuni. Namba yako ya zamani haipatikani. Sisi huku tunapumua. Mama anaamka, anafagia, anapika, analala. Mimi nimemaliza shule, matokeo bado, na kama unavyonijua, nikitumwa dukani bado nazunguka nyuma mpaka watu wapungue ndipo niagize. Ndiyo maana haya nimeona niyaandike. Kwa mdomo yangenishinda.

Nianze na Bwana Afya. Yule paka wa baba bado yupo, na bado anakagua kila sahani kabla hatujaigusa. Lakini baada ya wewe kuondoka alianza kunywa maji kama aliyelishwa chumvi. Alikula sana na bado akakonda mpaka mifupa ya mgongo ikaonekana, na miguu ya nyuma ikalegea, akawa anatembea kwa visigino kama mzee aliyevaa ndara zisizo zake. Mama alisema ni majonzi, aachwe. Mimi nikamtia kwenye kikapu nikampeleka kwa daktari wa mifugo, yule mrefu aliyezoea ng'ombe, anayeongea na kila mtu kana kwamba yuko ng'ambo ya zizi. Alipompima damu akatangaza mbele ya watu wote waliokaa kwenye benchi kwamba paka huyu ana kisukari. Watu wakaangua kicheko. Mama mmoja aliyeleta kuku akaniuliza huyo paka wetu chai yake anatia vijiko vingapi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Daktari alisema Bwana Afya atachomwa insulini asubuhi na jioni, akishakula, na apimwe nyumbani, kwa sababu paka akiletwa kliniki huogopa, na hofu peke yake hupandisha sukari. Akauliza kama tuna mashine ya kupimia. Nikaitikia kwa kichwa. Ile ya baba bado ilikuwa kabatini kwa mama, imefungwa kwenye leso yake. Mama aliposikia alisema vitu vya marehemu si vya kuchezea wanyama, akaninunia. Siku kadhaa baadaye akaitoa mwenyewe, akaiweka mezani, akasema kwamba huyo paka alipasha joto miguu ya baba kuliko sisi sote, basi na aitumie.

Kazi yenyewe si ngumu, ni ya subira. Soksi unaijaza mchele uliopashwa moto, unaiweka sikioni mpaka sikio liwe jekundu. Kisha unachoma pembeni kabisa, si kwenye mshipa, linatoka tone la damu dogo kama kichwa cha siafu, kijikaratasi cha mashine kinalinyonya, unabana kwa pamba, na mgonjwa anapewa kipande cha kuku kama rushwa. Mwanzoni nilikuwa najichoma vidole vyangu mwenyewe. Mama ndiye aliyemshika, amemviringisha taulo kama mtoto mchanga, akimwambia kwamba wanaume wote ni waoga wa sindano. Dada, hilo lilikuwa jambo la kwanza tulilofanya pamoja mimi na mama tangu mazishi.

Unalikumbuka neno la nyumba yetu. Baba alipokuwa akipima, sote tulingoja atamke moja kati ya mawili. Akisema imepanda, chakula kililiwa kimya. Akisema imeshuka, redio ilifunguliwa na mama akaanza utani. Hakuna aliyewahi kuuliza imeshuka hadi wapi. Baba alikwenda kliniki peke yake, hakutaka kusindikizwa kama mgonjwa, na aliyoambiwa huko alibaki nayo. Mama alifundishwa naye kuchoma sindano tu, basi.

Dawa ilimkubali Bwana Afya. Alipunguza maji, akaanza tena kukanyaga kwa vidole. Siku moja nilikwenda kliniki kuchukua chupa mpya ya dawa, nikamwachia mama ampime peke yake kwa mara ya kwanza. Nikiwa kwenye foleni akanipigia simu kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia mwaka mzima. Imeshuka, mwanangu, alisema, imeshuka kuliko siku zote, ni mbili tu na ushee, na mgonjwa wetu amelala raha mustarehe. Nami, dada, nilifurahi mpaka nikasahau aibu, nikamwambia daktari mbele ya watu kwamba imeshuka. Daktari aliinuka kitini. Akauliza kama paka amekula. Mama akasema hapana, amekataa chakula, ila sindano amemchoma kama kawaida. Daktari akachukua simu mkononi mwangu akamwambia mama ampake asali kwenye ufizi sasa hivi, na kama hakuna asali, basi sukari.

Mama akafikiri daktari amepungukiwa. Sukari kwa mgonjwa wa sukari? Na unajua hakuna sukari katika nyumba hii tangu baba alipougua. Akaenda kwa jirani wa ukutani kuomba, shingo upande, na jirani, ambaye alishatucheka vya kutosha, akamuuliza kama dawa ya kisukari siku hizi ni sukari. Mama akarudi mikono mitupu, na nadhani moyoni alishukuru kwamba amenyimwa.

Daktari alinipakia kwenye pikipiki yake. Nilimshika koti kwa vidole viwili tu. Tulimkuta mama amekaa chini, Bwana Afya mapajani, ameloa mate, anatetemeka, miguu inapiga hewa. Mama alikuwa anampapasa. Akatuambia tusipige kelele, ndiyo kwanza amepata usingizi. Daktari akatoa asali mkobani, akampaka mdomoni, akapaka tena, tukangoja. Baadaye paka akafumbua macho na kutuangalia kama wageni.

Ndipo mama alipouliza kama na binadamu huwa hivyo. Daktari, ambaye hakujua anazungumza na nani, alieleza kwa sauti yake ile ya zizini. Ya kupanda huua polepole, alisema, ila ya kushuka haingoji. Mtu hutoka jasho, hutetemeka, huongea maneno yasiyo na mpango, kisha hulala, na asipopewa kitu kitamu hulala moja kwa moja. Mama alimshukuru. Akatoka uani, akaanza kuanua nguo ambazo bado zilikuwa zinachuruzika maji, akazikunja hivyo hivyo.

Dada, sasa nakuomba ukae, kama umesimama.

Juzi tulikuwa tunamenya viazi. Mama hakuniangalia. Alisema kwamba asubuhi ile ya mwisho, baba alijipima akasema imeshuka. Hakutaka kula, alisema keki yako ya jana ilimshibisha. Mama akamchoma sindano kama kawaida. Baadaye kidogo baba akalowa jasho shati zima, akawa anamwita mama kwa jina la dada yake, anauliza kama ng'ombe wamefungwa, na sisi hatujawahi kufuga ng'ombe. Mama akaona jasho ni ugonjwa unatoka. Si imeshuka? Akamfunika, akafunga mlango, akatuambia tusimsumbue, baba amepata usingizi. Nakumbuka mimi ndiye niliyezima redio.

Uliketi pembeni ya mkeka siku ile shangazi aliposema mbele ya waombolezaji kwamba keki ya binti yake mwenyewe ndiyo iliyommaliza baba. Mama hakumpinga, kwa sababu naye aliamini. Wote tuliamini. Uliondoka kabla wageni hawajaondoka, na keki ile ilikuwa ya kwanza uliyoioka kwa mikono yako kule kwa mwokaji. Baba alikula vipande viwili akasema binti yake amekuwa fundi. Dada, keki haikumuua baba. Nimemuuliza daktari tena, peke yangu, kwa sauti, bila kumtajia jina la mtu. Amesema kama mtu huyo angelamba kidogo tu keki hiyo asubuhi, huenda angekuwa hai.

Mama alipomaliza kueleza alisema maneno haya yasitoke nje ya nyumba hii. Nikamjibu ndiyo, mama. Usiku huo na mchana wa kesho yake nikafikiri, kwa maana sijawahi kumvunjia neno. Mwisho nikaona kwamba sijamwahidi kukunyima wewe. Wewe si wa nje.

Usimkasirikie. Hataki tena kuigusa mashine. Nikimpima Bwana Afya anatoka chumbani, na nikimaliza haulizi imepanda wala imeshuka. Daktari amepunguza dozi na anasema huenda siku moja paka huyu asihitaji sindano kabisa. Nilipomwambia mama hilo alisema ni vizuri, akaendelea kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi. Chakula chake nusu kinabaki.

Unisalimie huyo mwenzako wa chumbani ambaye mwokaji amesema anakuchekesha. Shangazi hajambo, sina salamu zake. Hapa kwa desturi ningeandika kwamba mama anakusalimu sana, lakini hajui kwamba ninaandika, na siwezi kumsingizia salamu. Ukipata ruhusa kazini, njoo. Piga hodi mwenyewe na umwamkie. Mimi nitakuwa jikoni, na safari hii sitanyamaza kama siku ile ya msiba.

Ni mimi mdogo wako,
kitindamimba.