Aliyeshika Madhabahu ya Poseidoni

Lerna, siku ya tisa ya mwezi mchanga, shayiri ikivunwa

Mwanangu Eukrito,

Salamu nyingi zikufikie huko kisiwani Kalauria, wewe na wote mnaomtumikia Poseidoni mwenye bahari. Natumaini u mzima na mkono wako bado una nguvu za kuangusha fahali. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio usiniulize.

Kaa chini kwanza ndipo usome. Baba yako hatunaye. Ndugu yangu Likisko alichomwa tumboni kwa mkuki wa kuvulia mikunga, akalala siku mbili mikononi mwangu, ya tatu akakata roho. Aliyemchoma ni Teisarko, jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji, yule aliyekula nyumbani kwetu kila sikukuu ya Hera. Waligombana kinamasini, pale kwenye uzio wa kunasia samaki. Mambo ya wanaume, na mimi sikuwepo.

Nimemzika. Nimekata nywele zangu nikaziweka naye. Juu ya kaburi nimechomeka mkuki, ili kila apitaye ajue hapa kuna damu inayodai.

Muuaji alitoroka asubuhi ile ile tuliyoanza kulia. Wanasema alikuwa ufukweni akitafuta chombo cha kumvusha mpaka kisiwani kwenu, akaishike madhabahu asiguswe na mtu. Mwanangu, unaona miungu walivyo? Kati ya mahekalu yote ya Wagiriki amechagua lile ambalo mchinjaji wake ni mwana wa Likisko. Huna kaka, huna baba mdogo. Ni wewe peke yako. Damu hii isipolipwa, wale Mabibi wa Kisasi wenye nyoka vichwani, ambao tunawaita Wapole ili wasikasirike, watakuja kukuuliza wewe.

Shangazi yako,
Filina


Kalauria, siku ya mwezi mpevu

Shangazi, shikamoo.

Muuza chumvi amenifikishia barua yako, lile bamba la madini ya risasi lililokunjwa, nimelisoma mara nne. Pole, shangazi. Nami nipe pole, maana hapa sina wa kunipa. Tangu nikiwa na miaka kumi na miwili nimeishi kwenye nyumba za miungu, na baba alikuja kunitazama mara tatu tu. Mara zote alileta mikunga wa kukaushwa, akakaa akinitazama ninavyokula bila kusema kitu.

Mtu wako yupo. Alifika siku mbili kabla ya barua. Alipanda mlima pekupeku, mkononi tawi la mzeituni lililozungushiwa sufu, akakaa chini ya madhabahu na kulikumbatia jiwe. Mimi ndiye niliyempa maji ya kunywa, bila kujua. Baada ya kusoma nilirudi kumtazama vizuri. Ni yeye, na sikio lake lile lililong'atwa na mbwa. Hakunitambua. Sasa nina ndevu, hapa wananiita Mchinjaji tu, na watu wa Lerna wanadhani bado niko kwenye hekalu la Korintho. Ni wewe na baba pekee mliojua nilihamishiwa huku.

Lakini sheria unaijua. Anayeshika madhabahu ni mgeni wa mungu. Zeu mwenyewe, baba wa miungu na wa watu, ndiye mlinzi wa wanaoomba hifadhi. Kuhani wetu hachoki kutusimulia habari za mji wa pwani uliowaburuta waombaji nje ya nyumba ya Poseidoni. Mungu huyo alipiga nchi kwa mkuki wake wa meno matatu, na kabla ya jua kuchomoza bahari ilikuwa inatembea juu ya mapaa yao.

Kila siku nampelekea mkate wa shayiri na zeituni kwa mkono huu huu. Anasema, "Ahsante, mwanangu." Nikilisikia neno hilo, kisu kinaniwasha kiunoni. Niambie nifanye nini.

Mwanao,
Eukrito


Lerna, siku sita baada ya mwezi mpevu

Mwanangu Eukrito,

Salamu, na pole ya msiba wetu. Nimefurahi kusikia una afya. Ningefurahi zaidi kusikia mengine.

Unauliza ufanye nini. Waulize hao hao miungu unaowachinjia. Zeu, mume wa Hera, alipozaa nje ya ndoa, Hera alituma nyoka wawili kwenye kitanda cha kitoto hicho, Herakle. Kitoto kikawanyonga. Je, Hera alisema basi yameisha? Alimwandama mpaka akawa mtu mzima. Hata lile joka la vichwa vingi, ambalo ukikata kimoja vinaota viwili, yeye ndiye aliyelilea hapa kinamasini kwetu, kwa ajili ya Herakle tu. Na Niobe je? Alijisifu kwamba ana watoto wengi kuliko mama yake Apolo na Artemi. Neno moja la majivuno, Eukrito. Ndugu wale wawili walishika pinde zao, na hadi jioni Niobe hakuwa na watoto. Wao wametenda hivyo kwa neno. Mimi nimeuliwa ndugu.

Sikuambii umguse akiwa madhabahuni. Mimi si mjinga. Kumbuka Perseu, mjukuu wa mfalme wa Argos, na yule mfalme wa kisiwani aliyetaka kumwoa mama yake kwa nguvu. Perseu hakumpiga hata kofi. Alifungua mfuko tu, akatoa kile kichwa cha Medusa chenye nyoka badala ya nywele, na mfalme akawa jiwe na kikombe chake mkononi, yeye na wageni wake wote.

Nawe tumia akili. Mwambie kuna mvuvi aliye tayari kumvusha kwenda mbali, anamsubiri ghubani, nje ya mawe ya mpaka wa hekalu. Akishavuka mawe hayo kwa miguu yake mwenyewe, si mgeni wa mungu tena. Ni mnyama kama wengine unaowashika pembe. Ila usimwambie jina lako mpaka avuke. Nataka alisikie mwishoni.

Shangazi yako anayekutegemea,
Filina


Kalauria, mwezi mpya ukiandama

Shangazi, salamu. Natumaini u mzima.

Nilifanya kama ulivyosema. Nilimwambia habari ya mvuvi, akaniamini bila kuuliza swali. Tuliondoka adhuhuri, kuhani amelala. Mimi mbele na kikapu cha mkate, kisu kiko chini ya mkate. Yeye nyuma, akijikwaa kama mzee, kwa sababu miguu yake ilikuwa imezoea kukaa.

Tulipofika kwenye mawe ya mpaka alisimama. Nilidhani amegundua. Lakini alikuwa anahema tu. Aliniambia nimemlisha siku zote hizo bila kumuuliza alichotenda, na kwamba huko aendako hatapata mtu wa kumwambia, kwa hiyo ataniambia mimi. Nikasema sema upesi.

"Nimemuua rafiki yangu," alisema. "Alinijia na shoka. Hakunisalimu. Aliniuliza kama ni kweli nimesema sokoni kwamba mwanawe aliyempeleka hekaluni si damu yake, kwamba marehemu mkewe alimpata kwa mpita njia. Nikamwambia sijawahi kulisema wala kuliwaza. Nikamuuliza, nani kakwambia? Akasema, mtu ambaye hajanidanganya tangu tumezaliwa. Akainua shoka. Nami nilikuwa na mkuki mkononi."

Nilimuuliza kama anamjua mtu huyo. Akasema zamani aliahidi kuoa dada wa rafiki yake, lakini mama yake yeye mwenyewe akakataa, na yule mwanamke akazeekea nyumbani kwa kaka yake. Waliendelea kusalimiana vizuri miaka yote. Masika haya alipoleta mke kijana kutoka Nemea, salamu zikakatika. Hakutaja jina. Hakujua anaongea na nani.

Tulikuwa bado ndani, hatua tatu kabla ya mawe. Nilimwambia naona ghuba ni tupu, mvuvi hakuja, turudi. Akarudi, akakaa mahali pake, akaomba maji.

Shangazi, nakuuliza jambo moja, nawe nijibu kwa jambo moja. Siku ile, kabla hajachukua shoka, ulimwambia nini baba?

Eukrito, mwana wa Likisko


Kalauria, zabibu zikianza kuiva

Kwa Filina,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima. Nalisema kwa dhati. Nataka uwe mzima kwa haya yanayokuja.

Muuza chumvi amerudi hapa mara tatu. Kila mara nilimuuliza kama alikufikishia bamba langu. Anasema ulilipokea mlangoni, ukalisoma umesimama, ukaingia ndani ukafunga. Basi umeshanijibu.

Mama yangu alikufa akinizaa. Hakuishi kunilea wala kujitetea. Ulipotafuta uchafu wa kumtupia Teisarko, ulichimba kaburi la mama yangu ukautoa humo. Baba akafa akijiuliza kama mimi ni wake. Hilo ndilo ninalolala nalo.

Sasa sikiliza nilivyolipa kisasi. Nilimwendea Teisarko nikamwambia jina langu. Alianguka miguuni pangu, wala sikumwinua. Nilimwacha pale mpaka akamaliza kulia. Kisha nilichinja kitoto cha nguruwe juu ya mikono yake, damu ikaosha damu kama ilivyo desturi, kuhani akamwagia maji ya bahari. Mimi ndiye mwenye haki ya damu hii, kuidai au kuiachilia. Mbele ya kuhani na mashahidi watatu nikasema, "Mimi Eukrito, mwana wa Likisko, sidai."

Usije ukadhani ni huruma. Kama ningemchinja, ungemshukuru Hera, ungevaa vazi safi, na siri yako ingeshuka naye kuzimu kwa Hade, ambako hakuna arudiye. Mimi ningebaki na damu mkononi, na Wapole wako nyuma yangu wakininusa kama mbwa. Nimechagua aishi. Amepanda chombo leo kurudi Lerna. Atawasha jiko lake ng'ambo ya mfereji, na kila asubuhi utauona moshi. Mkewe wa Nemea atachota maji kwenye kisima unachochota wewe. Nimempa pia bamba lenye maneno yote uliyoniandikia, na aliyoniambia yeye, lisomwe mbele ya wazee. Na ule mkuki wa kaburini, mwache auchomoe yeye.

Usiniite mwanao.

Eukrito


Lerna, zeituni zikivunwa

Eukrito,

Salamu. Nakuulizia afya yako, hata kama hutaki.

Amerudi. Wamelisoma bamba lako sokoni, nusu ya mji imesimama, na yule mpuuzi mwenye kusoma akarudia mara mbili pale walipocheka. Sasa nikienda kisimani wanawake wananipisha kama mtu mwenye ukoma. Hakuna anayenitukana, na hilo ndilo linalonimaliza. Sikukuu ya Hera nimebeba kikapu cha shayiri miaka thelathini. Mwaka huu wamempa binti wa Nemea.

Teisarko tulikutana juu ya daraja. Nilingoja anitemee mate. Alinisalimu. "Filina, umeamkaje?" Akapita.

Ndiyo, nililisema. Unataka jambo moja, ndilo hilo. Nilitaka wagombane, nilitaka baba yako amvunje Teisarko meno mbele ya mkewe kijana, basi. Shoka sikumpa mimi. Miaka thelathini nimewapikia wote wawili kwenye meza moja nikiwasikiliza wakicheka, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama nina moyo. Kama hilo si kitu kwako, wewe ni mwanamume kama wao.

Niandikie. Hata matusi nitayapokea.

Filina


Lerna, siku ya mvua ya kwanza

Mwanangu,

Hili ni bamba la tatu tangu mavuno ya zeituni. Muuza chumvi ananiambia la kwanza ulilipokea ukiwa unamwosha fahali, ukaliweka juu ya ukuta bila kulikunjua, na lilikuwa bado pale aliporudi na la pili. Najua basi kwamba huenda ninayaandika haya kwa ukuta.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Nilitaka nimtume muuza chumvi akwambie kwa mdomo, nikakataa. Halifai kupita kinywani mwake. Nimeandika upande wa nje kwamba ndani mna neno la baba yako, na zaidi ya hapo siwezi kukushika mkono ulifungue.

Siku ya pili ya kulala kwake homa ilishuka kidogo, akaomba maji, nikampa. Tulikuwa wawili tu chumbani. Nilipiga magoti nikamwambia ukweli. Sikuweza kumwacha afe na lile neno langu kifuani. Nilidhani atanilaani. Alinitazama kwa muda mrefu, jinsi ulivyosema alivyokuwa akikutazama ukila. Kisha akasema, "Mimi ndiye niliyeinua shoka. Mwacheni Teisarko. Na mwambie Eukrito kwamba hata nilipokuwa nakimbia na lile shoka, sikuamini. Ni damu yangu. Nilikuwa nakimbia kwa sababu sikuamini."

Akanitaka niape kwa Zeu kwamba nitakufikishia. Niliapa. Nikakaa nalo.

Usiku wa kuamkia siku ya tatu alifariki, na nilipokwisha kumzika nikakuandikia ile barua ya kwanza.

Muuza chumvi anasema hii ni safari yake ya mwisho. Bahari imechafuka, na vyombo havitavuka tena mpaka masika.

Shangazi yako,
Filina