Mume Wangu Ameshika Usukani, Mimi Ndiye Ninayeona

Mpendwa Shangazi Netta,

Nisamehe mwandiko, naandika juu ya goti ndani ya basi, wageni wangu wako ndani ya kiwanda wanaonja wiski na nina kama dakika arobaini, na nisipoandika leo najua sitaandika tena. Naomba unishike mkono maana nimechoka, Shangazi, na si ule uchovu ambao mtu analala ukaisha.

Mimi ni mwongoza watalii na mume wangu Wattie ni dereva. Huu ni mwaka wa kumi na tisa tunafanya kazi pamoja kwa bwana mmoja wa mji wa Elgin anayeitwa Gavin, mwenye mabasi madogo manne, na ziara yetu ni ileile miaka yote, siku nane, viwanda saba vya wiski na ngome tano, tunateremka bonde la Spey, tunapanda mpaka Tomintoul, tunashukia upande wa mto Dee na kurudi. Wageni kumi na sita, wengi wastaafu, watu wazuri, wanaotaka kujua shayiri inalowekwa siku ngapi na nani alimuua nani kwenye mnara upi. Mimi naongea kwenye kipaza sauti, Wattie anaendesha na kunisahihisha tarehe. Tulikuwa na furaha, sitasema uongo.

Mwaka jana mwishoni mwa msimu akaanza kupitiliza njia za kuingilia viwanda alivyokwisha kuviingia mara mia. Nikadhani ni umri. Mwezi wa pili nikamlazimisha kwenda Aberdeen kwa daktari wa macho, na daktari akasema katikati ya macho yote mawili pameharibika, pembeni anaona, lakini akikutazama usoni haoni uso wako, anaona ukungu, na hali hiyo hairudi nyuma. Akamwambia asiendeshe tena gari lolote, hata la kwenda dukani, na aiandikie ofisi ya leseni wiki hiyohiyo. Tulipotoka mimi ndiye niliyekaa kwenye usukani, na kabla sijawasha gari Wattie akanishika mkono akasema, “Msimu mmoja tu, Rhona. Acha nimalize huu nistaafu kama mtu.” Cheti chake cha afya hakitakiwi mpaka mwakani atakapotimiza sitini na tano, kwa hiyo hakuna mtu ambaye angeuliza. Nami nikasema sawa. Neno moja, Shangazi, nililisema kwa sababu alikuwa analia na sikuwahi kumwona analia.

Kilichofuata sikukipanga. Siku ya kwanza ya ziara, mwezi wa nne, niliona kondoo wamesimama barabarani mbele yetu na Wattie hapunguzi mwendo, nikasema kwenye kipaza sauti, “Ndugu wageni, mbele yetu hapo, upande wa kushoto, mnawaona kondoo watatu wamejisimamia kama wenye barabara.” Wageni wakacheka, wakatoa kamera, na Wattie akakanyaga breki taratibu. Tangu hapo ndivyo tunavyokwenda. Nasema, “Sasa tunaingia kona kali ya kulia, na kule linakuja lori la shayiri, tazameni lilivyo kubwa,” naye anajibana pembeni kwenye sehemu ya kupishana. Nasema, “Baada ya nyumba hii nyeupe kuna daraja jembamba sana la zamani,” naye ananyoosha usukani. Barabara anaijua, anasema anaijua kwa makalio, na ni kweli, ila makalio hayaoni mtu anayevuka. Mgeni mmoja alimwandikia Gavin barua ya sifa kwamba Bi Rhona ni mwongozaji asiyeacha hata kichaka bila kukitaja. Gavin akaibandika ile barua ukutani ofisini.

Sigeuki tena kuwatazama wageni. Nimesahau hata hadithi zangu, juzi niliwaambia bwana wa ngome alifungiwa na mke wake mnarani miaka saba, na aliyefungiwa ni mke. Sauti imekwisha, shingo imekakamaa, chakula cha mchana nakitafuna nikiwa bado nahesabu kona. Na kuna jambo naona aibu kuliandika lakini nitaliandika: katika miaka thelathini na mmoja ya ndoa, hii ndiyo mara ya kwanza mume wangu anasikiliza kila neno ninalosema. Ananisikiliza kwa mwili mzima. Kuna siku nilijikuta napenda hivyo.

Jana tukamgonga mtu.

Nyuma ya kiti changu alikaa bwana mmoja kutoka Uholanzi, anaitwa Pieter, alikuwa mwalimu wa kemia. Akaniuliza kwa heshima kabisa kwa nini mitungi ya kuchemshia wiski ni ya shaba na si ya chuma. Nikageuka. Nilikuwa sijageuka siku nne, Shangazi, nikageuka kama mwongozaji wa kawaida nikamwambia shaba inanyonya ile harufu mbaya ya kiberiti, na jibu lenyewe halikuchukua hata sekunde tano. Nikasikia kitu kama tawi limepiga ubavu wa basi, na Wattie akauliza kwa sauti ndogo, “Nini hicho?”

Alikuwa mama mmoja wa baiskeli, baadaye nikajua anaitwa Bi Ishbel. Tulimkuta amekaa kwenye mtaro katikati ya miiba, kiganja kimechubuka, gurudumu la mbele limepinda kama sahani ya bati iliyokanyagwa. Wattie akashuka akisema, “Samahani mama, jua limenipiga machoni.”

“Jua gani?” akasema yule mama. “Tangu Jumapili hapa hatujaliona jua.”

“Lilitokeza kidogo.”

“Nina miaka sabini na mmoja na nimevaa koti la njano kama kiini cha yai. Ulitaka nivae nini tena, nijiwashe moto?”

Wageni wengine wakamsaidia kuinuka. Akakataa gari la wagonjwa, akasema ameshaanguka vibaya zaidi ya hapo akiwa na akili zake zote, akampigia mpwa wake aje kumchukua. Pieter yule Mholanzi akatazama mawingu juu, halafu akanitazama mimi. Tangu hapo hajaniuliza swali lolote.

Tulipofika ngome wageni wakaingia na mhifadhi, nikamwambia Wattie kwenye uwanja wa magari, “Basi. Leo ndiyo mwisho.”

“Mwisho ni mwezi wa kumi. Tulikubaliana.”

“Kama angekuwa mtoto, Wattie?”

“Hakuwa mtoto. Na wewe uligeuka. Usingegeuka nisingemgonga.”

Alisema hivyo, Shangazi. Na kichwani mwangu nilikuwa nimeshajisemea neno hilohilo. Kisha akasema kwa upole, “Ukimwambia Gavin nitakaa kwenye kile kiti cha baba mpaka nife.” Baba yake aliishiwa macho hivihivi na kwa miaka kumi na mmoja alikaa dirishani Dufftown akikatiwa nyama kwenye sahani, na Wattie ndiye aliyekuwa akimkatia. Najua anachokiogopa. Haogopi giza, anaogopa kukatiwa nyama.

Ziara hii inaisha Jumamosi na Jumatatu tunapokea kundi jipya. Nimwendee Gavin kisirisiri nimsaliti mume wangu, au nimbembeleze apunguze, pengine tuchukue barabara kubwa tu, mpaka msimu uishe? Nitageuka lini tena? Namba yangu ya simu na anwani ya barua pepe nimeziandika hapa chini. Wanatoka sasa, nawaona mlangoni, mashavu mekundu, Wattie ameshakaa kwenye usukani ananisubiri.

Rhona


Shangazi Netta anajibu:

Rhona, barua yako imenifikia Ijumaa hii asubuhi, ikiwa na siku mbili njiani, na sikuiacha isubiri zamu ya gazeti. Nimekupigia simu. Umeipokea ukaninong'oneza kwamba mko barabarani na huwezi kuondoa macho mbele, kisha ukakata. Nimekaa na simu mkononi nikijiuliza ni abiria gani huyo asiyeweza kuondoa macho barabarani. Kwa hiyo nakuandikia sasa hivi kwa barua pepe, uisome mtakaposimama. Na mkishasimama, msiondoke.

Nakuonea huruma, na nitakuonea huruma vizuri zaidi nikishajua basi limezimwa. Wewe si mke mbaya. Ulisema sawa mbele ya mwanamume anayelia, na ni wachache wetu wangesema vingine kwenye dakika ile. Lakini dakika ile ilikuwa mwezi wa pili. Leo tuko mwezi wa saba. Hiyo si huruma tena, mwanangu, hiyo ni kazi umejipa, na umeifanya vizuri mno. Ungekuwa mwongozaji mvivu mumeo angekuwa nyumbani tangu masika na yule mama wa baiskeli angekuwa na ngozi yake yote.

Unaniuliza kama utamsaliti. Wamo watu kumi na sita mle ndani waliokabidhi roho zao kwa dereva anayeona, na hakuna hata mmoja aliyeambiwa. Hao tayari umewasaliti, kila asubuhi, kwa sauti tamu kwenye kipaza sauti. Usiniletee habari ya barabara kubwa. Kwenye barabara kubwa watu hugongwa kwa kasi zaidi.

Umesema ulipenda kusikilizwa. Sikucheki. Niliishi na mume aliyenisikiliza huku sikio lake liko kwenye redio, najua njaa hiyo. Lakini mumeo hakusikilizi wewe, anasikiliza barabara. Ukitaka kujua kama anakusikiliza wewe, mwambie jambo asilotaka kusikia.

Na lile alilokwambia, kwamba uligeuka, ndilo lililoniondolea ushauri wa kubembeleza. Mtu mwenye leseni mfukoni amekutwika kosa lake kichwani, nawe umelipokea. Usilipokee. Kugeuka na kumjibu mgeni ndiyo kazi yako. Kuona ilikuwa yake, na hawezi tena, na si kosa lake kwamba hawezi. Kosa lake ni kukaa pale.

Sasa sikiliza. Hapo mlipo, chukua ufunguo. Usiombe, chukua. Mpe Wattie saa moja ampigie Gavin mwenyewe, aseme kwa mdomo wake, kwa sababu mwanamume anayejisalimisha hupata pa kukalia baadaye na anayeripotiwa hapati. Saa ikipita na hajapiga, piga wewe, mbele yake, si kisirisiri. Gavin alete dereva mwingine. Wageni wakichelewa ngome watachelewa, ngome imesimama miaka mia sita haiendi popote. Ajali iliyomjeruhi mtu huripotiwa polisi, na mlipaswa kuiripoti siku ileile, kwa hiyo ripotini leo. Halafu nendeni kwa yule mama mkamwambie ukweli wote. Ameambiwa ni jua. Ana haki ya kujua alichogongwa nacho.

Kuhusu kiti cha baba yake: daktari hakukitaja kiti. Mumeo ndiye aliyekitaja. Anaona pembeni, ana miguu, ana tarehe zote za ngome kichwani ambazo wewe umezisahau. Lakini hayo ni mazungumzo ya wiki ijayo. Leo ni ufunguo.

Atakuchukia kwa muda. Mwache akuchukie akiwa hai, na wengine wakiwa hai.

Netta


Wiki tatu baadaye Rhona alituandikia, na kwa ruhusa yake tunachapisha barua zote tatu, majina yakiwa yamebadilishwa:

Shangazi,

Nilisoma maneno yako kwenye choo cha kiwanda kimoja karibu na Grantown. Nikatoka, Wattie alikuwa anasafisha kioo cha mbele, nikaingia upande wake nikachomoa ufunguo. Akauliza natafuta nini. Nikamwambia ana saa moja.

Hakunigombeza. Alikaa kwenye ngazi ya basi kama dakika ishirini, kisha akapiga. Nilisikia upande wake tu. “Gavin, ni Wattie. Mimi sioni. Hapana, sijapotea njia, nakwambia sioni.” Gavin alikuja mwenyewe na gari lake, uso umemwiva, akamaliza ziara akiwa dereva yeye. Mimi hajanifukuza lakini hanisalimu, na ile barua ya sifa ameitoa ukutani. Polisi wamechukua maelezo yetu, bado tunasubiri. Pieter alinishika mkono tulipoagana Inverness akasema alikuwa anajua tangu siku ya pili na ameona aibu kwa kunyamaza, kwa hiyo tulikuwa watatu tuliojua.

Kwa Bi Ishbel tulikwenda Jumapili. Alitusikiliza wima mlangoni. Kisha akamwambia Wattie, “Ulinidanganya nikiwa nimekaa kwenye miiba,” akafunga mlango. Hatukupata chai, na hatukustahili.

Wattie hakusema na mimi siku tisa. Alikuwa akiondoka asubuhi kutembea kando ya mto na kurudi mchana, anakula, anakwenda bustanini. Siku ya kumi ilikuja barua kutoka hospitali. Aliiweka mezani karibu na bakuli langu la uji, akavuta kiti akakaa.

“Nisomee,” akasema. “Yote. Usinirukie mahali.”

Nikamsomea yote.

Rhona